Gusa, Puliza, Ita

Mtu niliyemwita Baba hakuwa baba yangu. Baba mzazi alikwisha kulala zamani nyuma ya migomba yetu kule Wanale. Huyu wa pili nilimpata Jinja, ndani ya maji, na mpaka kesho sijui ni nani kati yetu aliyemchagua mwenzake.

Nilishuka Jinja kutoka Mbale nikiwa kijana ambaye ndevu zimeanza kumdanganya kuwa ni mtu mzima. Shule nilikuwa nimeiacha njiani. Nilikaa kwa shangazi, Mafubira, nikapata kazi ya kusukuma marobota ya pamba kiwandani. Ilikuwa miaka ya utawala wa askari. Pamba ikija, mashine zinanguruma. Isipokuja, tunarudishwa nyumbani asubuhi na mapema, mikono mitupu. Siku hizo za mikono mitupu ndizo zilizonipeleka ziwani. Mimi tangu utoto nina ugonjwa wa kuota macho wazi. Nikiona mlima nataka kujua nyuma yake kuna nini. Nilipoliona ziwa nikataka kujua chini yake kuna nini, na nilikwisha kujiamulia kwamba kuna barabara, kuna miti, pengine hata soko.

Pale ufukweni palikuwa na mzee mmoja, Mnubi, mrefu, mwembamba, mwenye kifua kipana kama mlango. Kazi yake ilikuwa kutoa vitu vilivyozama: nyavu zilizonasa, nanga, baiskeli, injini za mitumbwi. Miaka ile ukipoteza kitu hukupata kingine dukani, maana dukani mlikuwa na rafu na mwenye duka tu. Kwa hiyo kila kilichozama kilitafutwa. Mzee alizamia kwa pumzi yake mwenyewe, bila mtungi wala mpira wa hewa. Alikuwa na jiwe la kumshusha na kamba ya kumrudisha, basi.

Watu walimwogopa, na si kwa lolote alilofanya. Alikuwa Mnubi, kama askari wengi wa miaka ile, na Kiswahili kilimtoka laini kama mafuta, na siku zile Kiswahili kilichonyooka kilinuka bunduki. Wavuvi walimwita Afande na kuvua kofia.

"Afande wa nini?" alikuwa akiwajibu. "Jeshi langu ni mimi na mke wangu. Na kamanda ni yeye."

Walicheka, lakini kofia hazikurudi kichwani mpaka awe amepita.

Mimi sikumwogopa, labda kwa ujinga. Nilimwendea nikamwambia nataka kuona chini ya ziwa.

"Unataka kuona chini," akauliza, "au unataka kurudi ukasimulie?"

"Vyote viwili, Baba."

"Basi tutaanza na kurudi."

Akaniketisha ndani ya mtumbwi, akanipa kamba niishike, akazama. Hayo ndiyo yalikuwa masomo yangu kwa siku nyingi: kushika kamba na kuisikiliza. Maji ya pale ni ya rangi ya chai, mwanga unachoka mapema, kwa hiyo aliye juu anaona kwa vidole. Kamba ikitingishika kidogo kidogo, mtu anafanya kazi. Ikivutwa mvuto mmoja mrefu, anapanda. Ikinyamaza, wewe ndiye unayepaswa kuanza kusema.

Alijifunza hayo wakati bwawa la umeme likijengwa. Yeye alikuwa kijana wa kushika mpira wa hewa wa wapiga mbizi waliovaa kofia za shaba. "Watu walikuwa wakimshangilia aliye chini," alinisimulia. "Hawakujua aliye chini anacheza tu. Mwenye kazi ni aliye juu."

Hatimaye nami nikaruhusiwa kuzama. Mara ya kwanza nilipumua haraka haraka, hu-hu-hu-hu, kama nilivyowaona vijana wengine wakifanya kabla ya kuruka. Akanichapa kofi mgongoni.

"Acha hiyo! Ukihema kama mbwa aliyefukuza pikipiki, unakiibia kichwa kengele yake. Hamu ya hewa haitakuja. Utalala huko chini huku unatabasamu, na mimi niende kwa shangazi yako nikaseme nini?"

Kwa hiyo nilijifunza kupumua polepole, kama mtu anayesubiri chakula ambacho anajua kipo. Nilijifunza kubana pua na kupuliza ndani kwa ndani kabla masikio hayajaanza kulia. Yakikataa, narudi. "Ziwa halihami," alisema. Nilijifunza kupumzika juu ya maji muda mrefu kuliko ule niliokaa chini.

Jambo moja lilinichelewesha kwa sababu ya desturi za kwetu. Mimi nimesimama mbele ya kisu cha jando, ukoo mzima ukinitazama machoni, na sikupepesa. Sisi Wagisu ndivyo tunavyokuwa wanaume. Kwa hiyo kifua kilipoanza kurukaruka chini ya maji kama mtu mwenye kwikwi, nilikaza meno nikaendelea kukaa. Nikaibuka midomo imekuwa ya zambarau, najisikia shujaa.

Mzee hakunipongeza. "Mgisu," akasema, "huku chini hakuna ngariba. Hakuna shangazi wa kupiga vigelegele. Samaki hawana habari na wewe. Tumbo likiruka, huyo ni mtu anayebisha hodi. Mwitikie, urudi nyumbani."

Halafu kulikuwa na desturi yake ya kuibuka. Ukitoka unashika dumu tupu linaloelea, unavuta pumzi, unaizuia kidogo, unaachia kidogo, unavuta tena. Aliye juu anakuuliza, "Umefika?" Wewe unaweka kiganja juu ya kichwa na kujibu, "Nimefika." Kabla ya neno hilo, hakuna kucheka, hakuna kugeuka kutazama ndege. Mtu hapotelei chini, alikuwa akisema. Anapotelea hapa hapa juu, akiwa amekwisha kuliona jua. Ndiyo maana aliye juu lazima ashuke kumlaki njiani, wapande pamoja wakitazamana. Mahali pa kulakiana palifungwa kitambaa kwenye kamba, kipande cha kanga ya mke wake, chekundu, pale mwanga unapoanza.

Hayo yote niliyaweza. Kilichonishinda ni kimoja, nacho ndicho kilichokuwa kikubwa kuliko vyote.

"Siku ukiniona nimelegea," alisema, "mkono mmoja nyuma ya kichwa, mwingine chini ya kidevu. Mdomo wangu usionje maji. Halafu gusa, puliza, ita. Gusa shavu, na si kwa kunibembeleza. Puliza macho na hapa chini ya macho. Ngozi hii inaujua upepo, itakiambia kifua kwamba tumeshatoka majini. Halafu niite jina langu."

"Niseme Baba?"

"Baba ni wengi. Hata mbuzi ana baba. Jina langu."

Akaniambia jina. Halikuwa lile walilolijua wavuvi. Lilikuwa jina fupi la utotoni, alilopewa na mama yake. Alisema hewa ikimwishia mtu, macho hufunga kwanza, mikono hufuata, na sikio hufunga mwisho kabisa. Na sikio hilo la mwisho haliamki kwa cheo.

Sasa wewe fikiria. Kwetu, kumpita mzee aliyeketi bila kuinama kidogo ni kesi ya kuitiwa wajomba. Mimi nimpulizie usoni? Nimpige kofi? Nilitaje jina lake tupu, kama namwita ndama? Tulipofanya mazoezi alijilegeza kama nguo iliyoloweka. Mimi nikamgusa kama mtu anayefukuza nzi, nikapuliza pembeni, na kwenye kuita nikasema, "Baba... samahani... amka."

Akafungua jicho moja. "Nimeshakufa. Mke wangu ameshaolewa na ameshazaa."

Jioni hiyo, nyumbani kwake, mke wake alituwekea gurusa za moto, ile mikate yao myembamba ya Kinubi, na chai isiyo na sukari kama chai zote za miaka ile.

"Mtoto ana adabu," mama huyo alisema.

"Adabu yake itanizika," akajibu mzee.

Alisema kwa kucheka, lakini mama hakucheka, nami nikaelewa. Mwenzake wa zamani, aliyekuwa akimshikia kamba, alitoka jioni moja kwenda kununua mkate na hakurudi. Siku zile hakuna aliyethubutu kuuliza. Tangu hapo mzee huyu, aliyenikataza nisiguse maji peke yangu, alikuwa akizamia kina kirefu peke yake, bila mtu wa kumwamsha. Na angeendelea hivyo mpaka apate mtu wa kumkosea heshima. Mtu huyo nilipaswa kuwa mimi, na kila siku nilishindwa.

Kisha askari wakaufunga ufukwe. Hatukuambiwa kwa nini wala hatukuuliza. Kulikuwa na sehemu za maji yale ambazo hata mzee hakuzigusa. Nikamwambia kwetu Wanale kuna maporomoko, na chini yake kuna kisima kirefu tulichojifunzia kuogelea. Akasema twende.

Basi lilisimamishwa kwenye kizuizi cha askari baada ya Bugembe. Watu wote waliweka mikono magotini. Mzee akashuka, akasalimiana na askari kwa Kiswahili chake, wakaulizana habari za nyumbani kwao, tukaruhusiwa kupita bila hata kufunguliwa mizigo. Aliporudi, abiria aliyekuwa ameketi karibu yake alihamia nyuma. Mzee akakitazama kiti kilichobaki wazi.

"Nimewaokoa, wakanipa kiti cha pili," akaninong'oneza. "Nyosha miguu, Mgisu."

Mama yangu alimpokea kwa malewa, machipukizi makavu ya mianzi, ndani ya karanga, akamwona mgeni anakula mpaka anapangusa sahani kwa kidole, akampenda hapo hapo. Kesho yake tulikwenda kisimani. Maji yale yanatoka mlimani, baridi yake inauma hadi kwenye meno. Tukaanza: mzee amejilegeza mikononi mwangu, mimi nagusa, napuliza. Siku hiyo, labda kwa baridi, nilijitahidi kweli. Nilimpiga shavu pa! Nikalitaja jina lake, si kwa sauti kubwa, lakini lilisikika.

"Wewe!"

Mama alikuwa amesimama juu ya jiwe na kibuyu cha uji. Angeweza kunigombeza kwa Kimasaba chetu, lakini aliamua kutumia Kiswahili chake cha sokoni ili mgeni asikie kwamba mtoto alilelewa.

"Wewe napiga mugeni yangu? Na jina yake nataja namna hiyo, kama ya kuku? Mimi nilizaa nini, jameni?"

Nilitamani kuzama nisirudi. Mzee akajifuta uso, akatoka majini akitetemeka, akasimama mbele ya mama kwa heshima zote na kaptura inayochuruzika.

"Mama, usimkasirikie. Mimi ndiye ninayemwomba anipige, na anakataa. Kazi yetu iko hivi." Akamweleza yote, polepole, mpaka habari ya sikio. "Mtoto wako ni mzuri mno. Nipe ruhusa anikosee adabu, la sivyo siku moja nitalegea, naye atanitazama tu akisema samahani."

Mama aliuketisha uji chini. Akanitazama, akamtazama mzee, akatazama maji.

"Katika maji," akasema mwishowe, akinyoosha kidole. "Katika maji tu! Mguu ikikanyaga nchi kavu, huyu ni Baba. Unasikia?"

"Nasikia, Mama."

"Haya. Piga tena nione."

Nikapiga tena, mama yangu akisimamia. "Nguvu!" alikuwa akisema. "Wewe hukula?" Mzee alicheka mpaka akameza maji ya mlima.

Ufukwe ulipofunguliwa tulirudi Jinja, na kazi ya kwanza iliyotungojea ilikuwa ya Mkenya mmoja mnunuzi wa samaki. Injini ya mtumbwi wake ilikuwa imechomoka na kuzama mahali pa kina. Alikuwa akizungukazunguka ufukweni kama mfiwa.

"Mzee, hiyo injini ni bibi yangu wa pili," alisema. "Wa kwanza akisikia imepotea, atafurahi, na mimi nitakufa njaa."

Tukaenda naye mpaka pale alipokuwa ameacha boya. Mzee akazama mara moja kutafuta, akaipata. Akapumzika sana, kimya, amelala chali juu ya maji, mkono kwenye dumu. Kisha akachukua kamba nene ya kuvutia, akashika jiwe, akanitazama. "Kitambaani," akasema. Yaani nimlaki pale. Akaenda.

Vidole vyangu vilisikia kamba ikitingishika: anafunga. Ikatulia. Ikatingishika tena. Nikajua fundo limeteleza, na nikajua, kama ninavyokijua kiganja changu, kwamba anajiambia bado kidogo tu. Hilo "bado kidogo" ndilo alilonipigia kelele mimi kila siku. Mvuto mrefu ukaja umechelewa. Nikavuta pumzi nikashuka.

Kitambaa chekundu, kisha giza, kisha kichwa chake kikitoka gizani. Tukapanda uso kwa uso. Macho yake yalikuwa wazi, yananitazama vizuri kabisa. Jua lilikuwa limeshaanza kucheza juu ya paji lake. Halafu akatabasamu, na vidole vyake vikaachia kamba kimoja kimoja, kama mtu anayeweka kitu chini taratibu asimwamshe mtoto.

Nilimshika. Mkono nyuma ya kichwa, mkono chini ya kidevu. Tulipotoka nje mdomo wake ulikuwa juu, haukuonja maji. Uso wake ulikuwa wa rangi ya majivu. Mkenya ndani ya mtumbwi alikuwa akilia, "Yesu wangu, ameenda! Ameenda huyu!"

Niligusa. Nilipuliza. "Baba!" nikaita. "Baba, pumua!"

Hakuna kitu. Alikuwa mzito na mpole mikononi mwangu. Nikamwona mama juu ya jiwe, kidole kimenyooshwa. Katika maji. Nikampiga shavu kwa nguvu zote za malewa, nikampulizia machoni, na nikaliita lile jina. Nililiita kama mwanamke anavyomwita mtoto kutoka uani jua likizama, kwa hasira na mapenzi, sauti ikapita juu ya ziwa lote hadi kwenye miti ya ng'ambo.

Pumzi yake iliingia kwa kelele, kama mlango wa bati uliokwama unapofunguka.

"Umefika?" nikamwuliza. Macho yake yalinipita. "Umefika?"

Mkono ukapanda, ukakosa kichwa, ukagonga sikio, ukatafuta, ukafika. "Nimefika," akasema.

Akahema kidogo, kisha akauliza, "Nani kaniita?"

"Mimi."

"Lo. Nilidhani uji umeiva."

Nikaanza kulia hapo hapo, majini, jambo ambalo lina nafuu yake kwa sababu hakuna anayejua maji yapi ni yapi. Naye akaanza kutazama chini.

"Fundo limebaki kidogo tu," akasema.

"Leo hapana."

"Nipumzike kidogo, halafu..."

"Aliyelegea hazami tena siku hiyo. Ni wewe uliyesema."

"Lakini kama limebaki kidogo," Mkenya akatia neno.

"Na wewe nyamaza na bibi yako wa pili!" nikamwambia.

Mzee alinigeukia, nyusi juu. "Mgisu, unanikataza mimi?"

"Bado tuko majini," nikasema. "Mama alisema majini ruhusa."

Alicheka mpaka nikaogopa atalegea tena. Tukampandisha mtumbwini, tukamfunika shati langu na koti la Mkenya, na njia nzima nilimshika kifundo cha mguu, nisiseme kwa nini, naye asiulize. Mtumbwi ulipogusa mchanga nilishuka kwanza, nikampa mkono.

"Pole, Baba," nikasema.

"Asante, mwanangu."

Nyumbani hakumficha mke wake. Alimweleza yote, hata lile tabasamu. Yule mama alisikiliza akiwa amesimama na birika. "Akakuita jina lile?" akauliza. Mzee akaitikia kwa kichwa. Mama yule katika ndoa yake yote alikuwa hajalitaja. Akaweka birika chini, akaingia chumbani, tukamsikia akisogeza masanduku. Akarudi na pakiti ndogo ya sukari iliyofungwa ndani ya matambara, sukari aliyoificha kwa ajili ya sikukuu ya Idi. Akatia yote, yote kabisa, kwenye kikombe changu. Ile chai ilikuwa tamu hata ikakaribia kutonyweka. Niliinywa mpaka machicha.

Kesho yake tulirudi pale, na aliyezama ni mimi. Kwa hiyo sasa naweza kusema kwa hakika: chini ya ziwa hakuna barabara wala soko. Kuna tope, kuna giza, na kulikuwa na injini ya Mkenya imelala ubavu. Nililifunga fundo, na tumbo liliporuka mara ya kwanza nilimwitikia aliyebisha nikarudi. Pale kwenye kitambaa chekundu nilimkuta Baba ananingoja, mashavu yamejaa hewa.

Lakini kabla sijazama, nikiwa nimekwisha kushika jiwe, alinisogelea kwenye dumu akaniuliza, "Na wewe, mama yako alikuwa akikuitaje ulipokuwa mdogo?"

Nikamwambia sikioni, ili Mkenya asisikie. Akalirudia mara moja, polepole, kulijaribu mdomoni, kisha akalinyamazia. Mpaka leo hajapata kulitumia.